Mtihani Badala ya Darasa: Mtoto Wetu Akiomba Pesa za Kozi ya Mwisho



Tuseme barua imefika. Siku hizi ni ujumbe wa simu, lakini wazee bado wanaiita barua. Inatoka kwa binti ambaye kikundi chenu kilimfanyia harambee alipokwenda Marekani kusomea biashara. Mwenyekiti anaisoma mbele ya mkutano. Binti anasema amebakiza kozi moja tu amalize digrii. Darasani kozi hiyo itamgharimu dola 1,200, na hana. Lakini amesikia kwamba anaweza kufanya mtihani badala ya kukaa darasani, kwa pesa kidogo sana. Anaomba kikundi kimtumie pesa za huo mtihani.

Mkutano unagawanyika papo hapo. Wengine wanashangilia: pesa kidogo, na mtoto anamaliza! Wengine wananung'unika, "Mtihani bila darasa? Huyo si anataka kununua cheti?" Mweka hazina ananyamaza na kitabu chake mkononi. Hajui aandike nini.

Somo hili ni la kumsaidia huyo mweka hazina. Tutaangalia mtihani wa namna hiyo ni kitu gani, kwa nini kozi ya mwisho si kama zile nyingine, na kikundi kiulize nini kabla ya kutoa hata shilingi.

Je, ni udanganyifu?

Hapana. Hata hapa kwetu jambo hili si geni. Fundi aliyejifunza useremala katika karakana ya mjomba wake anaweza kwenda kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, gredi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza, bila kupita chuo. Wako waliofanya KCSE wakiwa watahiniwa wa kibinafsi. Wako waliosomea uhasibu usiku kwa taa ya koroboi, mchana wakiwa kazini, wakaenda kuufanya mtihani wa KASNEB. Na Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiosoma London tangu mwaka wa 1858.

Huko Marekani masomo ya chuo huhesabiwa kwa krediti. Digrii ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, na kozi moja mara nyingi ni krediti 3. Kwa hivyo mwanafunzi anajaza gunia kwa gorogoro, kozi baada ya kozi, kama 40 hivi. Gorogoro nyingine anajaza kwa kukaa darasani muhula mzima. Nyingine anaweza kujaza kwa mtihani mmoja unaoonyesha kwamba tayari anajua yale yanayofundishwa. Chuo kikikubali mtihani huo, hakimuulizi alijifunzia wapi.

Mpango unaojulikana zaidi unaitwa CLEP. Uko chini ya shirika la College Board, na ulianza mwaka wa 1967. Una mitihani 34. Mtu hufanya kwenye kompyuta, mingi yake kama dakika 90, na maswali mengi ni ya kuchagua jibu. Alama huanzia 20 hadi 80. Baraza la elimu la huko, ACE, hupendekeza vyuo vitoe krediti kwa aliyepata 50, ingawa kila chuo kina uhuru wa kutaka zaidi au kukataa kabisa. Aliyeshindwa hungoja miezi 3 kabla ya kurudia mtihani uleule. Mwaka wa 2025 ada ya mtihani mmoja haikufika dola 100, mbali na ada ambayo kituo chenyewe kinaweza kuongeza. Linganisha na zile dola 1,200 za darasa, utaona kwa nini binti ameandika barua.

Kwa upande wa biashara CLEP ina uhasibu wa fedha, sheria ya biashara, kanuni za usimamizi, kanuni za masoko, na mifumo ya habari. Uchumi pia upo, mitihani miwili. Mpango mwingine, DSST, una mitihani ya fedha, usimamizi wa wafanyakazi, maadili ya biashara na kadhalika.

Sasa soma orodha hiyo tena polepole. Kozi ambayo binti amebakiza haimo.

Mabati ya mgongo

Ukiezeka nyumba, fundi anapigilia mabati upande huu, anapigilia upande ule, halafu mwisho kabisa anaweka mabati ya mgongo juu pale pande mbili zinapokutana. Bila hayo nyumba inaonekana imekwisha, lakini mvua ikija utaijua.

Kozi ya mwisho ya digrii ya biashara ni mabati ya mgongo. Wamarekani wenyewe wanaiita kwa jina la jiwe la mwisho linalowekwa juu ya ukuta. Katika vyuo vingi jina lake rasmi ni usimamizi wa kimkakati, ama sera ya biashara. Mwaka wa 1959 wasomi wawili, Robert Aaron Gordon na James Howell, walitoa ripoti iliyogharimiwa na Ford Foundation. Walisema shule za biashara zinawafundisha watu vipande vipande, na wakapendekeza kozi ya mwisho ya kuviunganisha. Shule nyingi zilifuata njia hiyo.

Je, inaunganisha nini hasa? Badala ya kueleza kwa maneno makubwa, tuchukue mashine ya posho.

Kikundi fulani cha akina mama kina mashine ya posho ya dizeli. Mwisho wa mwezi mweka hazina anasoma hesabu. Pesa taslimu na zilizo benki ni shilingi 38,000. Shule ya msingi iliyo jirani inasagiwa mahindi kwa mkopo, na inadaiwa 22,000. Jumla 60,000. Upande wa madeni, kikundi kinadaiwa 15,000 za dizeli na fundi, na awamu za mkopo za mwaka huu ni 25,000. Jumla 40,000. Halafu habari mbaya: kijana mmoja amefungua mashine ya stima pale njia panda. Anasaga kwa bei ya chini, na wateja wameanza kupita mlango wa akina mama bila kusimama.

Mwanafunzi wa uhasibu atagawa 60,000 kwa 40,000, apate 1.5. Atasema kikundi kiko salama, kwa kila shilingi 1 ya deni kina shilingi 1.50 ya kulilipa. Amepata sahihi.

Mwanafunzi wa masoko atasema punguzeni bei, ama fungueni mapema, ama wapeni wateja wa kudumu kadi. Naye hajakosea.

Mwanafunzi aliyesoma mkakati atatumia pengine zile nguvu tano ambazo Michael Porter wa Harvard aliandika habari zake mwaka wa 1979. Atauliza: mshindani aliyepo ana nguvu gani? Je, ni rahisi mwingine kuja? (Ni rahisi sana, stima imefika na ploti zipo.) Mwenye kutuuzia dizeli anaweza kutupandishia bei? Wateja wanaweza kutuhama bila gharama? Na je, kuna kitu kinachoweza kuchukua mahali pa kusaga kabisa, kama unga wa pakiti wa dukani?

Kila mmoja wao ana jibu lake, na kila jibu likiwa peke yake linaweza kuizamisha mashine. Angalia. Ile 1.5 ya mhasibu inaitegemea shule. Ikiwa shule haitalipa hadi muhula ujao, kikundi kina 38,000 tu za kukabili deni la 40,000. Tayari hazitoshi. Sasa mtu wa masoko aje apunguze bei ili kushindana na kijana wa njia panda. Pesa zinazoingia kila siku zinapungua, na awamu ya mkopo haipungui. Kwa upande mwingine, akina mama wakigoma kupunguza bei, wateja watakwisha. Ama waende kwa mwalimu mkuu kudai zile 22,000? Na akikasirika apeleke mahindi kwa kijana, je?

Hapo ndipo pande mbili za paa zinapokutana. Kozi ya mwisho humpa mwanafunzi habari za kampuni halisi yenye shida kama hii, mara nyingi na habari zisizotosha, na kumwambia: amua, halafu simama mbele ya wenzako ujitetee. Vyuo vingine hutumia mchezo wa kompyuta ambao timu huendesha kampuni na kushindana wiki baada ya wiki. Timu yenyewe hugombana, kama mkutano wetu wowote.

Mtihani wa kuchagua jibu unaweza kukuuliza vizuri kama ni 1.5 au 0.95. Unaweza kukuuliza mashine ya njia panda ni nguvu ipi kati ya zile tano. Ni vigumu zaidi kupima kama ungeweza kuwashawishi akina mama ishirini wenye hasira wasikimbilie kupunguza bei. Ndiyo maana vyuo vingi vinavyokubali mitihani kwa kozi za mwanzo huishika hii ya mwisho kwa mikono miwili. Hata Charter Oak cha Connecticut, chuo kilichoanzishwa 1973 kwa ajili ya watu wazima na kinachopokea krediti za mitihani kwa wingi, hutaka kozi ya kuhitimisha ifanywe kwake.

Basi mlango umefungwa?

Si lazima. Mlango upo, lakini ufunguo uko kwa chuo chenyewe kitakachompa digrii. Vyuo vingine huwa na mtihani unaotungwa na idara, ambao mwanafunzi huomba kuufanya ili kuthibitisha kwamba analijua somo. Vichache vina mpango wao kamili wa mitihani, kwa mfano TECEP ya Thomas Edison State University huko New Jersey, chuo kilichoanza 1972. Kwa mtu aliyefanya kazi miaka mingi, vingine hukubali kupima faili la ushahidi wa kazi yake. Kwa hivyo binti asiulize marafiki kama inawezekana. Amuulize msajili wa chuo chake na mshauri wake wa masomo, na jibu liwe kwa maandishi. Neno la mdomo la karani haliwezi kupelekwa mbele ya kamati siku ya kuhitimu.

Katika kuuliza, kuna mitego minne ambayo imewanasa wengi.

Kwanza, vyuo huwa na sheria ya krediti ambazo lazima zipatikane chuoni hapo hapo, mara nyingi 30 au robo ya digrii. Ikiwa binti alihamia hapo kutoka chuo kingine, huenda hiyo kozi ya mwisho ndiyo inayotimiza hesabu. Akiibadilisha kwa mtihani wa nje, gunia linapungua upande mwingine.

Pili, krediti ya mtihani kwa kawaida huandikwa kama umepita, bila gredi. Haipandishi wastani wa alama. Vyuo vingi vinataka wastani usiwe chini ya 2.0 ili kuhitimu, na kama binti yuko 1.9, mtihani hautamvusha hata akiupita vizuri namna gani.

Tatu, na huu ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote, ni viza. Mwanafunzi wa digrii ya kwanza mwenye viza ya F-1 hutakiwa kuwa amejiandikisha krediti 12 kwa muhula. Mtihani si kujiandikisha. Katika muhula wa mwisho, mwenye kubakiza kozi chache anaweza kuruhusiwa kuchukua pungufu, lakini lazima ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni aidhinishe mapema. Binti akiacha darasa ili afanye mtihani, bila kumwambia ofisa huyo, anaweza kujikuta amepoteza haki ya kukaa nchini kwa sababu ya kutaka kutupunguzia sisi gharama. Tena tarehe ya kumaliza masomo ikirudi nyuma, muda wa kuomba kibali cha kufanya kazi baada ya masomo nao husogea. Amwone ofisa kabla ya kulipa ada yoyote.

Nne, kuna mtihani mwingine unaowachanganya watu. Katika kozi ya mwisho, vyuo vingi huwapa wanafunzi mtihani mmoja mrefu unaogusa masomo yote ya biashara. Mtu akisikia "mtihani wa kozi ya mwisho" hudhani ndio huo. Mara nyingi mtihani huo ni wa chuo kujipima kimefundisha vipi, na hufanywa ndani ya kozi. Kuupita hakumwondolei mtu kozi.

Kuna na matapeli pia. Ukiona chuo kinachosema digrii nzima utaipata kwa mtihani mmoja na ada moja, kimbia. Wizara ya Elimu ya Marekani ina orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa, na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuitazama bure. Kijana wa sekondari katika kijiji chenu anaweza kuwafanyia kazi hiyo kwa dakika kumi.

Halafu watu huuliza, kwa nini asiende chuo cha jamii cha bei rahisi akaifanye kozi hiyo huko? Kwa kozi za miaka miwili ya kwanza lingekuwa wazo zuri. Lakini hii ni ya mwaka wa mwisho, na vyuo vya jamii kwa kawaida havifiki huko.

Kiswahili chake pia kina bei

Nitoke njiani kidogo. Tuseme binti anaambiwa kozi ya mwisho ni lazima darasani. Asikate tamaa bado. Aangalie kama amebakiza krediti za kuchagua mwenyewe mahali pengine kwenye gunia, kwa sababu hapo mitihani inaweza kuokoa pesa za kulipia ile ya mwisho. CLEP ina lugha tatu tu za kigeni: Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Lakini shirika la ACTFL lina mtihani wa mazungumzo wa lugha nyingi, na Kiswahili kimo. ACE hupendekeza krediti kwa matokeo rasmi ya mtihani huo. Vyuo vingine hukataa kutoa krediti kwa lugha ya mama, ingawa kwa Mkamba ama Mluhya lugha ya mama si Kiswahili, na hilo anaweza kulieleza ofisini. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunaona Kiswahili hakina faida katika karo, na huenda hapo kuna gorogoro moja ama mbili zimelala ghalani.

Mweka hazina aandike nini?

Kwa maoni yangu, kikundi kisitume pesa zote mara moja, na kisikatae pia. Kimjibu binti kwa upole, kwamba tumefurahi umefika mwisho, na tunaomba kwanza karatasi mbili: moja kutoka kwa msajili inayotaja mtihani kwa jina, alama inayotakiwa na kwamba utachukua nafasi ya kozi hiyo katika digrii yako; nyingine kutoka kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni kuhusu viza. Zikifika, ada ya mtihani itumwe. Kiasi kingine cha ada moja kiwekwe kando bila kumwambia, kwa ajili ya kurudia. Kumwambia kunaweza kumfanya alegee. Lakini hapo wanakikundi mnamjua mtoto wenu kuliko mimi.

Na ikiwa karatasi ya msajili inasema hapana, basi zile dola 1,200 zijadiliwe kama zilivyo. Kama uwezo upo, ningependelea darasa hata pale mtihani unaporuhusiwa, kwa sababu kati ya kozi 40 hii ndiyo ambayo kazi yake inafanana zaidi na ile atakayokuja kuifanya. Lakini mtoto aliyekwama bila digrii kwa kukosa krediti 3 ana hasara kubwa kuliko aliyekosa mabishano ya darasani. Pesa ikikosekana, na chuo kikikubali, afanye mtihani.

Akiamua hivyo, ajiandae kama mtu wa darasani. Miezi miwili au mitatu, kitabu kimoja kizuri cha usimamizi wa kimkakati kutoka maktaba ya chuo, na kila wiki kesi moja ya kampuni aiandikie uamuzi wake kwenye ukurasa mmoja. Hesabu za uwiano azirudie mpaka azifanye bila kufikiri; ndizo watu husahau kwa sababu walizisoma mwaka wa pili. Akiwa na mwenzake wa kubishana naye kwa simu, vizuri zaidi. Anaweza hata kuwapigia akina mama wa mashine ya posho.

Kazi ya kikundi

Gawanyikeni watu watano watano. Chukueni hesabu ya mashine ya posho iliyo hapo juu, na kila kundi liamue moja: kupunguza bei, kuongeza mashine ya kukoboa, kununua ya stima kwa mkopo mpya, ama kuiuza na kuingia biashara nyingine. Mwandike pesa zitatoka wapi, na shule mtaifanyaje. Kisha kila kundi lisimame lijitetee, na wengine waulize maswali makali bila kutukanana.

Kisha mweka hazina afungue kitabu cha kikundi chenu wenyewe. Agawe mnachomiliki cha kulipia kwa mnachodaiwa mwaka huu. Halafu aondoe wadeni wasiolipa kwa wakati, agawe tena, na asome tarakimu zote mbili kwa sauti.